Kofia za Bwana Kwato

Kwa jumla, kofia za yule farasi zilitugharimu makopo manne ya rangi ya mafuta, karatasi za manila thelathini na moja, kofia moja ya harusi yenye manyoya ya bata ambayo haikurudi kibandani kwangu, na urafiki wangu na jirani yangu muuza mikanda, ambaye mpaka leo hunisalimu kwa nyusi. Nimehesabu mara mbili. Miguu sijaiweka kwenye hesabu, maana miguu ilikuwa yangu na ya Mwalimu, na hakuna aliyetupa nauli.

Ninamwita Mwalimu kwa sababu sikuwahi kusikia akiitwa vingine. Watoto walimwita Ticha, wazazi walimwita Mwalimu, na mwenye ploti alimwita Mwalimu hata siku alizokuja na hasira. Alikuwa na nasari ya chumba kimoja Kibera, nyuma ya Soko la Toi: watoto ishirini na wawili na farasi mmoja.

Farasi alikuwa wa plaiwudi. Mwalimu alimchora mwenyewe, rangi ya kahawia, mrefu kama meza, jicho moja kubwa linakutazama kama askari wa mlango wa benki. Jina lake Bwana Kwato. Kati ya masikio yake kulikuwa na msumari, na kila asubuhi Mwalimu alitundika hapo kofia ya manila aliyoikata na kuipaka rangi. Kila siku ya shule ilikuwa na kofia yake. Mtoto wa miaka minne hajui Jumatano ni nini, lakini alijua siku ya kofia yenye kuku juu. Mzazi akiuliza, "Leo ni siku gani?" mtoto alijibu, "Ya kuku," na mambo yakaisha. Kalenda hiyo ilitoka darasani ikaenea mtaani. Nimewahi kumsikia mwanamume mwenye ndevu akipanga kukutana na fundi wa mabomba "siku ya kuku, saa nne."

Kwa nini farasi na si ng'ombe? Nilimuuliza. "Ng'ombe kila mtu anamjua," alisema. "Ng'ombe hana siri." Farasi walikuwa kando ya Ngong Road, kwenye uwanja wa mbio, na ukienda mapema uliwaona wakitembezwa kwa kamba, wamevishwa blanketi safi kuliko zangu. Mwalimu alikwenda kuwatazama kabla ya darasa, akirudi na matope hadi kwenye vifundo. Alilalamikia jambo moja tu. "Mnyama wa heshima vile, amechanwa nywele, amefunikwa mgongo, halafu kichwa wazi. Ni kama mtu aliyevaa koti la suti akasahau suruali."

Mimi nauza kofia za mitumba. Ndivyo tulivyojuana. Katika miaka yote ile hakununua hata moja. Aliazima. Alisimama mbele ya meza yangu, akaigeuza kofia ndani nje kama mtu anayekagua samaki, kisha mnada ukaanza, nao haukuwa wa bei, ulikuwa wa muda.

"Niachie hii mpaka Alhamisi."

"Mpaka kesho, Mwalimu."

"Mpaka kesho jioni, na nitakuachia ile ya jana."

"Ile ya jana ni yangu."

"Si ndiyo maana nakuachia."

Nimepatana na watu wengi Toi, wakiwemo wanawake wanaoweza kukushusha mpaka ukajiuliza kama wewe ndiye unayepaswa kuwalipa. Mwalimu alikuwa peke yake katika daraja lake.

Kazi yake ya kofia ilikuwa na sheria, na sheria ya kwanza ilinihusu vibaya. Bwana Kwato hakuvishwa kitu ambacho binadamu hajakivaa na kutembea nacho. "Kofia huijui mpaka ipite mlangoni," alisema. Na binadamu aliyekuwa karibu ni mimi. Nilivaa kofia za kanisani zenye maua, nilivaa za ufukweni pana kama ungo, nilivaa ile ya manyoya ya bata, nikainama chini ya boriti ya kibanda nikatoka upande wa pili, huku yeye ametega macho. Alitazama ukingo unavyotetemeka, kitu kilichopachikwa juu kinavyobaki nyuma mtu anapogeuka. Akirudi kwake aliijaribu upya kwenye mtungi wa maji wa lita ishirini, kwa sababu mtungi, alisema, una uso mrefu kama farasi na hauchoki kusimama. Kisha ndipo alichora. Masikio ndiyo yaliyomtesa. Kofia ya farasi ikiwekwa nyuma ya masikio inaonekana imeanguka. Ikiwekwa mbele inamziba macho. Ikitobolewa, watoto wanauliza kama inauma. Siku moja alikuja sokoni mbio mbio kuniambia amepata: sikio moja ndani, moja nje. "Kama mtu anayesikiliza na hataki ijulikane."

Sheria ya pili aliisema mara nyingi hata nikaiona kama salamu. Kuna mtoto aliyechora farasi wa kijani, Mwalimu akamrudishia karatasi: hakuna farasi wa kijani. Mtoto yule yule akasema Kwato avae kiatu kichwani, kiatu chekundu chenye kamba za zambarau, na Mwalimu akakaa kukichora siku hiyo hiyo. Nikamwambia hapo sioni haki. Akaniambia, "Farasi ni ukweli. Kofia ni maoni."

Usidhani alikuwa mtu wa mstari ulionyooka. Yeye mwenyewe hakuvaa kofia kamwe. Alifunga kitambaa kimoja cha buluu, na kikichafuka alifunga kingine cha buluu. Aliwafundisha watoto kwamba uongo una harufu, lakini mwenye ploti alipokuja kumfukuza alimwonyesha Bwana Kwato na kumwambia kwa sauti ya ofisini kwamba yule amesajiliwa kwa ukaguzi na hawezi kuhamishwa bila barua. Mwenye ploti akamtazama farasi, farasi akamtazama mwenye ploti, na wa kwanza kuondoka hakuwa farasi.

Mwaka ule wa uchaguzi rangi zilianza kupata wenyewe. Sitazitaja, anayezikumbuka anazikumbuka. Kufikia Desemba kofia ya Jumanne ilikuwa rangi ya hawa na ya Ijumaa ilikuwa rangi ya wale, na Mwalimu alikuwa amezipaka zote mbili miaka miwili kabla ya yeyote kuchapisha fulana. Jirani yangu wa mikanda akaniambia, "Buda, ukimwazima tena huyo mathe kofia ya rangi ile, usinipitie hapa mbele." Nikamwambia kofia ya mama huyo ni ya farasi. Akasema ndivyo wote wanavyosema. Nikamwazima. Nyusi zilianza hapo.

Matokeo yalipotangazwa, soko liliungua. Sikujua kofia huungua haraka hivyo; nguo za jirani zangu zilikuwa bado zinatoa moshi wakati meza yangu ilishakuwa jivu. Darasa la Mwalimu halikuchomwa, lilibebwa. Walichukua kila kilichobebeka, mabenchi kwanza, na mtungi wa maji pia. Bwana Kwato alinusurika kwa sababu Mwalimu alimpeleka nyumbani likizo ya Krismasi kumpaka upya. Kabila langu halihusiki na hadithi hii. Waliolitafuta wiki ile walilipata bila msaada wangu. Mwalimu kwao ni Machakos, na katika siku zile hiyo ilimaanisha kwamba kila upande ulimwona wa upande mwingine.

Tulikuwa tunaelekea mahali pamoja. Dada yake alikaa Gatina, huko Kawangware, na binamu yangu pia. Yeye alibeba bahasha kubwa ya kofia za manila. Mimi nilibeba farasi mgongoni, kwa sababu hivyo ndivyo mazungumzo yetu yalivyoisha.

Kabla ya Ngong Road kulikuwa na tairi linaungua na vijana saba hivi. Mrefu wao alikuwa na mpini wa jembe.

"Mathe, hiyo ni nini?"

"Ni farasi."

"Si tunaona. Inaenda wapi?"

"Shule."

Kijana akazunguka nyuma yangu. Nilihisi mpini ukigonga plaiwudi, kwa upole, kama daktari anayegonga goti. "Ebu cheki kofia," akawaambia wenzake. "Hii si ni rangi ya wale wasee?"

Ilikuwa ya Jumanne. Mwalimu alikuwa ameiacha msumarini ikauke. Nikahesabu vijana tena, wakawa tisa.

"Mathe, huyu farasi wako alipigia nani kura?"

Mwalimu alimtazama kama anavyomtazama mtoto aliyekalia chaki. "Ana miaka minne. Hajachukua kitambulisho."

Kisha mmoja wa nyuma akaanza kucheka, mwingine akamfuata. "Wachana na mathe, apite na punda yake," alisema.

"Farasi," Mwalimu akasema.

Nikamkanyaga mguu.

"Si punda. Farasi. Angalia masikio."

Mrefu hakucheka. Aling'oa kofia msumarini, akaitupa kwenye moto wa tairi, akatuonyesha barabara kwa mpini. Tulitembea mpaka moshi ukawa nyuma kabisa, na mimi nikawa nangoja alie au aseme sala. Alisema, "Ile ilikuwa Jumanne. Sasa tuna siku nne."

Huko Gatina Mwalimu alipata chumba cha chini kwenye ploti ya mzee mmoja mwenyeji wa hapo, aliyekuwepo kabla ghorofa hazijaota. Mzee alimpa chumba bila masharti, isipokuwa moja. "Farasi sina neno naye," alisema. "Kofia ndiyo sitaki. Mimi nina wapangaji wa kila aina, na kila aina imeweka mawe chini ya kitanda."

Watoto tisa wa darasa la zamani walikuwa wametawanyika humo humo Gatina kwa jamaa zao, nao wakaja. Lakini asubuhi ya kwanza Mwalimu aliita majina yote ishirini na mawili. Jina lisiloitikiwa alilingoja, kisha akaendelea. Nilikuwa mlangoni nikigonga msumari. Alipofika jina la saba, mtoto mmoja akajibu kwa niaba ya asiyekuwepo: "Amebaki Kibera, Ticha. Ni wa wale."

Mwalimu akaweka kalamu chini. Hakumwadhibu. Alikuja nje, akasimama karibu nami, akasema polepole, "Muhula uliopita walikuwa wanagawana kifutio." Kisha: "Nikiwa na darasa la watoto tisa, hao tisa watajifunza kwamba hivyo ndivyo inavyokuwa. Nataka wote ishirini na wawili. Darasa ni lile lile, au si darasa." Tangu siku hiyo nilijua anachokitafuta, na sikuona hata njia moja ya kukipata. Na hata tisa hawakuwa na uhakika, maana wazazi wao wenyewe walikuwa wa pande mbili, na akina mama wawili walikuwa tayari wamesema hawasimami kwenye mlango mmoja.

Kwa kumheshimu mzee, Bwana Kwato alianza muhula bila kofia. Watoto waliingia, wakamwona. Mmoja akaanza kulia. "Wamemwibia!" Mwingine, ambaye nyumba yao ilikuwa imebebwa mpaka mapazia, akauliza, "Hata yeye?" Hakuna aliyesoma lolote siku hiyo.

Jaribio la pili, ambalo mzee alilifumbia macho, lilikuwa kofia ya mistari, rangi zote zilizo duniani ili pasiwe na wa kununa. Alikesha akiipaka. Asubuhi mama mmoja alisimama mbele ya farasi muda mrefu, midomo ikitembea. "Mbona hii iko mara tatu na ile iko mara mbili?" Mwalimu akaniita nihesabu, kwa kuwa mimi ni mtu wa biashara. Nilihesabu mara mbili. Ilikuwa tatu kwa mbili. Mstari wa tatu ulikuwa umejificha chini ya ukingo. Mama akamshika mtoto mkono akaondoka naye. Wakabaki wanane.

Nilimshauri aache. Nilimwambia wazi: Mwalimu, watu wanazika, wewe unahangaika na kofia ya farasi wa plaiwudi. Hakukasirika. Alikuwa anachambua kabeji kwa ajili ya uji, hapana, nasema uongo, uji hauwekwi kabeji. Ilikuwa ya chakula cha mchana, nusu kabeji ya watoto wanane, kwa sababu bei zilikuwa zimepanda mpaka mboga ikawa kama dawa. Mtoto mmoja aliyekaa karibu naye akasema, "Ticha, hiyo itamtosha Kwato." Akalitwaa jani la nje, akaenda akalitundika msumarini. Likamkaa. Sikio moja ndani, moja nje.

Mwalimu alilitazama jani. Kisha akanitazama mimi. "Kuna chama cha kabeji?"

"Bado," nikasema.

Kuanzia hapo Bwana Kwato alivaa vitu. Alivaa sufuria iliyopinduliwa, mpini wake umeelekea nyuma kama shungi. Alivaa chapati iliyokunjwa pembe tatu, na siku hiyo watoto walimeza mate hadithi nzima. Alivaa ndala mbili zimesimama kama masikio mengine, kikapu, kuku tena kwa ombi la wengi, na godoro lililofungwa kamba kama la mtu anayehama, ambalo watoto walilielewa kuliko sisi. Mawazo yalikuwa yao. Mkono uliochora ulikuwa wa Mwalimu. Na sheria ya kwanza haikubadilika. Nimetembea Gatina nzima na sufuria kichwani. Niliingia nayo hoteli ya chai, watu wakanyamaza, kwa sababu mwezi ule hakuna aliyejua mtu mwenye sufuria kichwani yuko upande gani. Mhudumu akaniuliza, "Mzae, uko sawa?" Nikamwambia niko kazini.

Watoto walienda nyumbani na habari. Mama aliyehesabu mistari alimrudisha mtoto wake siku ya tatu, akisema amechoka kuulizwa Kwato kavaa nini. Wiki iliyofuata nilimkuta pale mlangoni na yule mwenziwe asiyetaka kusimama naye. Sisemi walipatana. Hawakusalimiana hata. Lakini walikuwa wote wawili wamenyoosha shingo ndani, na mmoja akasema hewani, bila kumwelekea mtu, "Ati leo ni karai," na mwingine akajibu hewani pia, "Karai litamwangukia."

Wakubwa walipopeana mikono na nchi ikatulia, Mwalimu alirudi Kibera katika chumba kile kile, sasa kitupu, watoto wameketi kwenye magunia. Alikwenda nyumba kwa nyumba kutafuta majina yake. Wa Gatina walirudi kwa makundi, kwa woga. Wa Kibera walikuja mmoja mmoja. Kila aliponipitia alinitajia idadi: kumi na nne, kumi na saba. Ikafika ishirini na mmoja, ikakaa hapo. Aliyebaki alikuwa yule wa jina la saba.

Mara ya mwisho tulipozungumza kwa kirefu mwaka ule ilikuwa karibu na kufunga shule. Nilikuwa nimejenga kibanda upya, mabati mapya, kofia chache. Alikuja, na kwa mara ya kwanza hakugusa kofia yoyote. Nikamsogezea stuli.

"Nimempata wa saba," alisema.

"Si ufurahi basi."

"Mama yake anachoma mandazi kule chini. Nimefika, akanitambua, akasema karibu Mwalimu, keti. Nikaketi kwenye benchi. Mtoto akaja mbio akaniuliza Kwato leo amevaa nini. Nikamwambia birika." Akatazama vidole vyake. "Unajua mimi nikimaliza kupaka, napangusia brashi wapi?"

"Sijui."

"Chini ya benchi. Mahali watoto hawaoni. Miaka yote. Nilipitisha vidole chini ya nilipokaa, nikakuta rangi imegandamana pale, vinundu vinundu, tabaka juu ya tabaka. Nilikuwa nimekaribishwa kuketi kwenye benchi langu."

Nilitaka kucheka, nikaona uso wake nikaacha.

"Amelinunua?" nikauliza. "Siku zile vitu viliuzwa barabarani, aliyenunua si lazima ndiye aliyebeba."

"Sijui. Sikuuliza. Akanipa andazi, nikala. Halafu yeye mwenyewe akasema: mtoto ananisumbua, nafasi iko? Nikasema iko. Akasema, nasikia watoto wako wanakaa chini. Akalipigapiga benchi hivi, na kiganja. Akasema, basi Jumatatu nimlete na hili, awe na pa kukaa na wenzake."

Pembeni jirani wa mikanda alikuwa ameacha kupanga mikanda.

"Ukamjibu nini?"

"Nimesema nitamwambia kesho." Alivua kitambaa chake cha buluu, akakikung'uta, akakifunga tena palepale kilipokuwa. "Nikisema asante, nimemshukuru mtu kwa kitu changu, na wale wazazi waliobebewa nyumba zao watalitambua benchi likiingia mlangoni, waniulize mimi ni wa upande gani. Nikisema ni langu, nitapata benchi, mtoto nimkose, na nibaki na ishirini na mmoja. Na huyu mama, kwa macho yake, sijui kama ananirudishia au ananipa. Wewe umekaa na wanunuzi na wauzaji maisha yako yote, unajua mtu anaposema jambo moja akiwa na maana nyingine. Niambie, basi. Kesho nikifika pale, nimjibu nini?"